Choo kikigoma: tupeane uzoefu wa kunyonya mashimo hapa Mwanza

Mama Kishiri
Wakuu, leo boza la maji taka limepita mtaani na ile harufu yake, nikakumbuka msiba wa baba mkwe. Watu wa matanga siku tatu, choo kimoja. Usiku wa pili mfuniko wa chemba ukainuka, ikaanza kububujika palepale wanawake wanaposonga ugali. Masufuria tukahamishia kwa jirani, mchungaji anaomba huku leso ipo puani. Nyumba ilikuwa na miaka tisa na hatujawahi kunyonya hata tone. Nani mwingine yamemkuta?

Dagaa Mbichi
Yamenikuta, ila mimi sikuwa na shimo. Nilikuwa na jirani.

Mama Kishiri
Hahaha, fafanua.

Dagaa Mbichi
Nilipanga Mabatini, kule juu kwenye mawe, kabla mabomba ya maji taka hayajapanda mlimani. Gari halifiki, bodaboda anakushusha chini unamalizia kwa miguu. Nyuma ya chumba changu jiwe, juu ya jiwe nyumba ya mzee mmoja mstaarabu sana. Ilikuwa masika. Saa nane usiku mvua ikaanza, ile inayotokea ziwani na radi zake. Nikafurahi, nikakinga ndoo, nikarudi kulala. Nikasikia jembe: ko, ko, ko. Nani analima saa nane usiku? Nikavuta shuka. Kuja kushusha mguu sakafuni, ndala haipo, inaelea mlangoni. Nikawasha tochi ya simu. Rangi sitawaeleza. Nilikuwa na gunia la dagaa nimelitoa mwaloni Kirumba jioni ile, mtaji wote, limelowa hadi katikati. Mzee alikuwa anatapisha choo! Alisubiri mvua imbebee. Asubuhi tukakutana njiani, kofia mkononi: "Mwangaluka, baba. Mvua ya jana kali, eti?" Nikaitikia. Ningefanyaje, ndiye aliyenidhamini kwa mwenye nyumba.

Nyegezi Kona
"Nani analima saa nane usiku" nimecheka hadi abiria wamegeuka.

Binti Isamilo
Hamuoni aibu kucheka? Uchafu huo unashuka mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya kunywa tunayavuta ziwa hilohilo pale Kapripointi.

Mzawa wa Igogo
Dada, wewe gari linafika mlangoni. Mzee wa juu ya jiwe afanye nini, alibebe begani?

Binti Isamilo
Achimbe mapema!

Mzawa wa Igogo
Achimbe nini? Jiwe? Karibu na nyundo yako.

Buhongwa Mpya
Turudi kwenye mada. Mimi nimenyonya Ijumaa, Jumapili nafunua, limejaa vilevile. Dereva tapeli yule, nataka hela yangu.

Fundi Chemba
Hapo wengi ndipo mnapoliwa. Septiki, yaani shimo la kwanza linalopokea uchafu, huwa imejaa siku zote, ndivyo ilivyojengwa. Maji yakiingia upande huu, kiasi hichohicho kinatokea upande ule kwenda shimo la kunywea, lile la pili ambalo maji yake hunywewa na ardhi. Kinachonyonywa ni matope yaliyotuama chini na utando wa mafuta juu. Kama choo kinarudisha na tope ni kidogo, kwanza angalia kama bomba limeziba, halafu shimo la kunywea. Huku kwetu wengi wanachimba mita mbili, wanagonga mwamba, wanafunika na kusema tayari. Maji yanywewe na nani?

Buhongwa Mpya
Kwa hiyo dereva hana kosa?

Fundi Chemba
Anaweza kuwa nalo. Wengine wanavuta maji ya juu tu, matope wanakuachia, kwa kuwa maji ni mepesi na tripu inaisha haraka. Simama pale. Mwambie akoroge, na afunue vyumba vyote viwili vya septiki.

Nilikuwa Dereva
Fundi, tutetee na sisi. Mtu ananiita na shimo liko bondeni, mimi nimesimama barabarani juu, mipira minne imeungwa. Pampu ina mwisho wake. Na tope la miaka kumi limekuwa udongo. Halafu ndani nakuta pampasi, vitambaa, na kijiko. Kijiko!

Shangazi Pasiansi
Mwagieni hamira pakiti mbili kila mwezi. Mimi mwaka wa kumi na mbili sijaita gari.

Nilikuwa Dereva
Shangazi, tutaonana.

Nyegezi Kona
Mimi niliambiwa mafuta ya taa.

Fundi Chemba
Mafuta ya taa hapana! Na dawa za kung'arishia choo msimwage chupa nzima, zinaua vijidudu vinavyokula uchafu. Hamira mle maandazi. Familia ya kawaida, kila miaka mitatu hadi mitano ita gari.

Mzawa wa Igogo
Kuna vijana wanaingia na ndoo, bei nafuu.

Fundi Chemba
Usimshushe mtu. Hewa ya mle haikupi nafasi ya kupiga kelele. Wa kwanza anaanguka, wa pili anamfuata kumwokoa, mnazika wawili.

Mama Kishiri
Sasa nitajuaje kama muda umefika?

Fundi Chemba
Chukua fimbo ndefu, funga kitambaa cheupe, izamishe hadi chini ukiwa umesimama mbali na tundu. Tope likifika theluthi ya kina cha shimo, ita gari.

Mama Kishiri
Nimetoka kupima. Limefika kiunoni.

Fundi Chemba
Kiunoni kwa fimbo au kwako?