Naomba ushauri: kukarabati ofisi ya zamani ya pamba, Mwanza

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Kampuni yetu ilianza kwa kununua pamba. Ofisi iko mjini, si mbali na ile stesheni ya reli iliyofika Mwanza mwaka 1928: kuta nene, dari juu, madirisha ya mbao. Nimepewa kusimamia ukarabati, na mimi ni mhasibu tu (msicheke).

Fundi wa kwanza kaja na futi yake, kapendekeza tushushe dari kwa jipsamu, tuweke madirisha ya alumini na viyoyozi kila chumba. Moyo umekataa. Dari ile ya juu ndiyo inayotupunguzia joto, na madirisha yakifunguliwa pande mbili upepo wa ziwa unapita wenyewe. Umeme ukikatika, kiyoyozi kitatusaidia nini? Shida ni wadudu wa ziwani. Wakija wingu zima, hakuna anayethubutu kufungua. Wavu wa kawaida wanapenya, wavu wa matundu madogo sana unaziba upepo. Nani amelitatua hili?

Magharibi, jua la saa kumi linawapiga watu wa mauzo machoni. Nafikiria baraza lenye kivuli, wapate na pa kulia. Sasa wanakulia mezani juu ya mafaili.

Halafu kuna mizani ya kupimia pamba. Meneja anataka iuzwe chuma chakavu, lakini wastaafu wakija huigusa kabla hata ya kutusalimia. Niiweke mapokezi? Kutu niitoe au niiache?

Pesa inatoka kwa awamu. Mngeanza na kipi?