"Courageous" si "courageux": Kiingereza cha mtu asiyekata tamaa

Kutoka: mdogo wenu, Bukavu

Jambo wakubwa. Ninaomba nafasi ya masomo Kanada na barua yote wanaitaka kwa Kiingereza. Mimi nimesoma Kifaransa tangu utoto, mnajua shule zetu. Kuna sentensi moja imenishinda. Nataka waelewe kwamba kwa miaka mitatu nimeuza mawese Kadutu kila asubuhi kabla ya kwenda darasani, na sikukosa mtihani hata mmoja. Nimeandika: "I am very courageous, perseverant, determined, tenacious, stubborn and relentless." Yote nimeyatoa kwenye kamusi ya simu. Nibakize lipi? Mwisho ni Ijumaa.

Kutoka: yaya wa Goma, sasa Portland, Maine

Mdogo wangu, mimi yaya yako, yaani mkubwa wako, nasema pumua kwanza. Hiyo sentensi ni mtu aliyevaa vitenge sita kwenda sokoni.

Nianze na "courageous", maana ndilo lililoniaibisha mimi. Kwetu ukimwita msichana "courageuse" kwa Kifaransa, kila mtu anaelewa: anaamka alfajiri, anachota maji, kazi haimshindi. Mwenye Kiingereza chake akisikia "courageous" anamwona mtu anayeingia kwenye nyumba inayowaka moto kumtoa mtoto. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliomba kazi ya kusafisha vyumba vya hoteli. Mama aliyenihoji akataka sifa yangu moja. Nikajibu bila wasiwasi, "I am courageous." Akanitazama, akauliza kwa upole ni kitu gani hapo hotelini kinachonitisha. Kumbe nilikuwa natafuta "hardworking", mchapakazi, basi.

"Perseverant" nalo lifute. Kamusi zinalo, lakini ukilitumia wanajua mara moja kwamba umetoka kwenye Kifaransa. Wao wanatumia kitenzi: "persevere", kuendelea bila kuacha, na kwa yaliyopita "persevered". Neno hilo lina magumu ndani yake. Hakuna anayesema ame-persevere katika kula ugali. "Determined" linaangalia mbele: nia unayo, kazi bado. Wewe kazi umeshaifanya, kwa hiyo "determined" linakupunja.

"Stubborn" ni mkaidi. Lava ya volkano yetu, Nyiragongo, iliposhuka mjini Goma Januari 2002, baba yetu mdogo alikataa kutoka nyumbani mpaka majirani walipomvuta kwa mikono. Huyo ndiye "stubborn". Wanalisema pia kwa doa lisilotoka kwenye nguo.

"Relentless" ni kitu kisicho na huruma, kama mvua isiyokoma au mashambulizi kwenye taarifa ya habari. Ukijiita hivyo, msomaji atasogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Tenacious" ni ndugu wa "tenace", na mzizi wa yote mawili ni neno la Kilatini la kushika: umekamata, huachii. Ni neno zuri, ila linapendeza zaidi likitoka kinywani mwa mwingine. "Persistent" ni vilevile. Mwalimu wako akikuandikia hilo ni sifa, lakini kikohozi kisichopona nacho ni "persistent", na yule anayekupigia simu mara kumi akuuzie bima pia.

Hapa Marekani utasikia sana "grit". Asili yake ni changarawe, mchanga wenye meno. Sisi wa Goma tuliojenga juu ya mawe ya lava hatuhitaji kuelezwa. Na "resilient", tafadhali, liache. Kila semina ya mashirika pale nyumbani ni hilo hilo, masikio yamechoka. Maana yake umepigwa ukainuka, na wewe hukusema popote kwamba umepigwa.

Neno ulilolisahau ndilo lako: "resourceful". Ndiye "débrouillard" wetu, anayejitafutia njia kwa alichonacho, mtu wa "article 15", ile sheria yetu ya utani inayosema jitegemee mwenyewe, ila kwa Kiingereza halina ile harufu ya ujanja. Mtu anayejilipia masomo kwa mawese ni "resourceful".

Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "For three years I sold palm oil every morning before class, and I never missed an exam." Sifa hata moja hakuna. Mwenye kusoma ataziweka mwenyewe.

Kutoka: mtu wa Lubumbashi, sasa Leeds

Nakubaliana na yaya, isipokuwa hapo mwisho. Fomu nyingine zinakuuliza wazi ujieleze kwa maneno matatu. Pale hadithi ya mawese haiingii. Weka "hardworking, resourceful, determined" na uendelee na safari. Huku Uingereza watu wanaona haya kujisifu, wanapenda kusema "I stuck at it", yaani niliking'ang'ania, hivyo tu, ila hayo ni ya mdomoni, si ya barua. Kuna "dogged" pia, lenye mbwa ndani yake, mbwa anayefuata harufu bila kuinua kichwa. Kwao ni sifa. Mimi mama yangu angesikia naitwa hivyo angelia.

Wakikuhoji kwa video, chunga matamshi. "Tenacious" ni te-NEI-shas, na "persevere" uzito uko mwisho, pa-si-VIA. Mimi nililisema Kifaransa Kifaransa kwa miaka miwili na hakuna aliyenisahihisha.

Kutoka: mdogo wenu, Bukavu

Aksanti sana wakubwa. Sentensi ya yaya nimeiweka kama ilivyo, na "resourceful" nimelipeleka kwenye yale maneno matatu. Nimebaki na kisanduku kimoja tu, wanauliza udhaifu wangu. "Stubborn" naweza kuliweka pale?

Kutoka: yaya wa Goma, sasa Portland, Maine

Liweke. Kisha ulale.