Maji ya rangi: taa za UV na peroksaidi, au titani juani?

MtiaRangi_Changamwe: Salaam ndugu zangu. Karakana yetu yatia nguo rangi, maji yatoka mekundu kama damu. Mwezi huu lazima tuagize mtambo. Muuzaji mmoja ana taa za UV na peroksaidi, mwingine trei za poda ya titaniamu dioksaidi za kuweka juani, asema hazili stima. Nichukue upi?

MkemiaTudor: Rangi aina gani? Kiasi gani kwa siku? pH? Yaishia wapi? Bila hayo twakisia tu.

FundiPampu: Taa. Kwenye jua UV ni kama 5 tu kwa 100, na masika je? Halafu poda ile, gramu 1 kwa lita, ni laini mno: yapenya kitambaa cha kuchujia, yaziba chujio.

BintiMikindani: Shabu kwanza! Rahisi, na kila fundi aijua.

MkemiaTudor: Kwa rangi zisizoyeyuka kama indigo, sawa. Rangi riaktivu, zile zinazojifunga na uzi wenyewe, huyeyuka kabisa, shabu huzikamata kidogo na kukuachia tope la kutupa.

MtiaRangi_Changamwe: Samahani. Ni riaktivu, za pamba. Mita 6 za ujazo, pH 11, kuna chumvi na magadi. Maji ni ya kisima.

MkemiaTudor: Basi shida ni magadi. Magadi ni kaboneti, nayo hunyakua radikali za haidroksili, zile chembe kali ambazo UV huzitoa kwenye peroksaidi ili zivunje rangi, kabla hazijafika kwenye rangi. Shusha pH hadi 4 kwa asidi ya salfuriki, polepole, maana hutoa povu jingi. Koroga gesi itoke. Kisha jaribu miligramu 500 za peroksaidi kwa lita: kwa mita 1 ya ujazo ni kama mililita 830 za ile ya asilimia 50. Ukizidisha, peroksaidi yenyewe hula radikali. Mwisho rudisha pH kabla ya kumwaga.

FundiPampu: Na kisima cha matumbawe, angalia ukoko. Mtambo mmoja hapa pwani ulisafisha vizuri wiki ya kwanza. Ya tatu maji yakatoka na rangi yake. Taa zawaka, mwanga wa samawati waonekana, wakawa waongeza peroksaidi tu. Kufungua, mirija ya kwatsi inayofunika taa, kioo maalumu kinachopitisha UV, ina ukoko mweupe kama wa birika. Chokaa hushika hapo kwa sababu ya joto la taa na pH ya juu. Waliosha kwa asidi ya sitriki, kazi ikarudi, isipokuwa kwa taa moja: mrija uliovunjika ulibadilishwa kwa kioo cha kawaida, ambacho hakipitishi nanomita 254, yaani ile UV ya taa hizi, hata chembe.

BintiMikindani: Maji yakiwa meupe si yamekwisha?

MkemiaTudor: La. Kifungo cha azo, kile cha nitrojeni kinachoipa rangi wekundu wake, huvunjika mapema, rangi ikapotea, vipande vikabaki. Pima COD, yaani oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu uliobaki, lakini ua peroksaidi kwanza: miligramu 1 iliyobaki huongeza karibu nusu miligramu kwenye kipimo.

FundiPampu: Kuiua kwa kimeng'enya au kwa baisalfaiti?

MkemiaTudor: Kimeng'enya, pH ikisharudi 7. Baisalfaiti ikizidi nayo hupandisha COD.

BintiMikindani: Kwa mita 6 mimi bado ningeanza na shabu…

MtiaRangi_Changamwe: Muuzaji wa taa asema mirija ni "kioo kigumu". Ndiyo kwatsi?