Mkono wa kulia unahama nikipiga gitaa kwa vidole

Wa Kizota: Wakuu, nipo Dodoma, najifunza gitaa bila piki (kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi). Nikiongeza kasi tu, mkono unahama, kidole cha shahada kinagusa uzi wa 2 badala ya wa 3. Niegemeze kidole kidogo kwenye bodi ya gitaa?

Wa Mpwapwa: Hapana, kitakaza mkono mzima. Laza kigasha kwenye ukingo wa gitaa. Gumba lichukue nyuzi za 6, 5 na 4. Shahada uzi wa 3, cha kati wa 2, cha pete wa 1. Vitue kwenye nyuzi kabla ya kupiga. Anza na gumba peke yake, taratibu, mpaka liende lenyewe. Sisi Wagogo ilimba, ala yetu ya vibao vya chuma, tunaipiga kwa magumba, mdundo wa gumba tunaujua!

Wa Bahi: Mimi kidole kidogo naegemeza, ila kwa wepesi sana. Usikandamize.

Wa Kizota: Asanteni. Leo ni gumba tu.