Bando la elfu mbili linanunuliwa kila siku, apu ya elfu tano mara moja inaonekana ghali. Kwa nini?

Fundi_Vifaranga:
Wakuu, habari za jioni. Nafuga kuku wa mayai hapa Morogoro, usiku naandika programu. Nimetengeneza apu: unaingiza tarehe uliyopokea vifaranga, inakukumbusha chanjo: siku ya 7 kideri, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 unarudia kideri. Na trei inakuhesabia.

Miezi mitatu ilikuwa bure, watu zaidi ya mia nne wakawa wanaitumia. Nikaweka bei: 5,000, unalipa mara moja basi. Wamelipa tisa. Watatu ni ndugu zangu, na shemeji anataka nimrudishie.

Juzi jirani kaja na simu ya laki nne na nusu, kajiunga bando la 2,000 mbele ya macho yangu, halafu ananiuliza, "Ile ya zamani ya bure huna unirushie kwa Xender?" Nilicheka tu. Tatizo ni nini hasa?

mama_trei:
Pole mwanangu. Mimi ni mmoja wa walioifuta, na sio kwamba elfu tano sina. Mwaka juzi nilikuwa nakatwa salio kila asubuhi, shilingi mia, kwa meseji za mapishi ambazo sikuziomba. Kujitoa nilihangaika wiki nzima. Tangu hapo simu ikiniandikia "lipia" naizima. Chupa ya chanjo naishika, naangalia tarehe, na aliyeniuzia namjua duka lake. Wewe apu ikigoma nakufuata wapi?

Kibubu77:
Mimi nilitaka kulipa kweli. Nikabonyeza, ikaniomba kadi ya benki. Kadi iko kabatini, hela yangu iko M-Pesa. Nikasema nitalipa kesho. Unajua kesho ya hivyo.

mzee_wa_nokia:
Mkuu, wakubwa ndio walitulemaza. WhatsApp yenyewe iliwahi kuwa na ada ya dola moja kwa mwaka, wakaifuta Januari 2016. Facebook bure, ramani bure. Anayelipa ni mtu wa matangazo, sisi hatumwoni, basi tumeshazoea kwamba apu haina bei. Bando ni kitu kingine: likiisha, simu inanyamaza, unalijua umuhimu wake saa hiyohiyo. Apu yako ikifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea! Kuku hawafi, mtu anasema ni bahati yake.

Halafu, samahani, ulikosea kugawa bure kisha kufunga mlango. Waliokuwa ndani wameona wamenyang'anywa.

Fundi_Vifaranga:
Hiyo ya "hakuna kinachotokea" imenikaa. Kibubu, kumbe! Nilidhani wote mnaishia kwenye bei, kumbe wengine wanaishia kwenye kadi.

Nafikiria hivi: kumbusho la kideri siku ya 7 libaki bure kwa kila mtu. Ukitaka ratiba nzima unalipa 500 kwa kila kundi la vifaranga unaloingiza, kwa M-Pesa, hakuna kukatwa chochote mpaka uingize kundi jipya mwenyewe. Mama, hapo vipi?

mama_trei:
Mia tano kwa vifaranga 200 naitoa hata sasa hivi. Ila weka namba ya simu, na iwe inapokelewa.

Fundi_Vifaranga:
Nimeiweka tangu saa mbili. Aliyepiga wa kwanza ni shemeji, bado anadai elfu tano yake.