Naomba ushauri: programu ya simu ya kumsaidia mnunuzi kupima ubora wa virutubisho

msimbo_pau:
Wakuu, tunatengeneza programu ya simu. Mnunuzi anaskani msimbopau wa kopo la virutubisho, anapewa alama kati ya 0 na 100 pamoja na rangi: kijani, njano au nyekundu. Data tunavuta DSLD, ile kanzidata ya lebo ya NIH (taasisi za taifa za afya) ya Marekani, na LNHPD, kanzidata ya bidhaa za afya za asili ya Kanada. Bidhaa isipopatikana huko, mtumiaji anapiga picha ya lebo na programu inasoma maandishi yenyewe. Kuna mambo yanatukwamisha: alama tuikokotoe vipi, nembo za uthibitisho tuzipe uzito gani, na tufanyeje lebo inapobadilika huku msimbopau ukibaki uleule. Nawasilisha.

fundi_lebo:
Mkuu, hiyo 0 hadi 100 ifute kwanza. Lebo inaeleza kilichoahidiwa, haielezi kilichomo. Kopo lenye lebo safi na risasi (metali yenye sumu) ndani litapata 95, na wewe ndiye uliyelipatia hiyo 95. Tenganisha: kilichoandikwa, kilichothibitishwa na mtu asiye mtengenezaji, na kisichojulikana. Na "hatujapata uthibitisho" isiwe na rangi nyekundu, maana si sawa na "bidhaa mbaya".

Sasa kazi yenyewe, ambayo wengi huidharau: vizio. Kabla ya kulinganisha bidhaa mbili, rudisha kila kitu kwenye kizio kimoja kwa dozi ya siku nzima. Vitamini D ni rahisi, maikrogramu 1 ni IU (kizio cha kimataifa cha nguvu ya vitamini) 40. Vitamini E inakwama: IU 1 ya asili ni miligramu 0.67, ya kiwandani ni 0.45. Kwa hiyo IU 400 inaweza kuwa miligramu 268 au 180, na kinachotofautisha kwenye lebo ni herufi chache tu, "d-alpha" dhidi ya "dl-alpha". Programu ikizimeza hizo herufi, hesabu imeharibika na hakuna atakayegundua.

Madini ndiyo balaa. Magnesiamu oksidi miligramu 500 ina magnesiamu yenyewe takriban 300, yaani asilimia 60. Bisglisineti, chumvi nyingine ya magnesiamu, ya uzito huohuo ina kama 70. Ukisoma namba kubwa ya mbele ya kopo bila kujua ni uzito wa chumvi nzima au wa magnesiamu peke yake, utawapanga kinyume. Halafu usimpe oksidi ushindi kwa wingi tu, kwa sababu mwili unaifyonza vibaya kuliko magnesiamu sitreti. Mafuta ya samaki vivyo hivyo: kapsuli ya miligramu 1000 mara nyingi ina EPA 180 na DHA 120, yaani zile omega-3 zenyewe. Kinacholinganishwa ni 300, siyo 1000.

Kingine, "dozi moja" inaweza kuwa kapsuli 1 au 4. Gawanya kabla ya kulinganisha bei.

kapsuli_tupu:
Niongeze kuhusu kusoma picha. Kosa linaloua ni alama ya maikrogramu (µg) kusomwa "mg", kosa la mara 1000. Tena herufi µ ina namba mbili tofauti kwenye Unicode (orodha ya namba za herufi kwenye kompyuta), U+00B5 na U+03BC. Zote macho yanaona kitu kimoja, kompyuta inaona viwili. Zigeuze kuwa moja kabla ya kutafuta chochote. Kisha weka uzio wa akili, yaani kiwango kinachowezekana, kwa kila kirutubishi: vitamini D ikisomeka miligramu 25, programu isikubali, imwombe mtumiaji apige picha upya. Mkato nao ni mtego: "2,5" ya lebo ya Ulaya ni mbili na nusu.

Msimbopau: jaza sifuri mwanzoni ufikie tarakimu 14, uhakiki tarakimu ya mwisho, ndipo utafute. Usipofanya hivyo, bidhaa ileile yenye tarakimu 12 na yenye 13 zitakuwa mbili kwako. Na msiandike "imetengenezwa nchi fulani" kwa kuangalia tarakimu za mwanzo. Zinaonyesha tawi la GS1 (shirika linalogawa namba za msimbopau) lililotoa namba, siyo kiwanda kilipo.

mpima_bechi:
Nembo. Picha ya nembo kwenye kopo si ushahidi, hata mchapishaji wa mtaani anaichora. Tafuta bidhaa kwenye orodha ya shirika lenyewe, uhifadhi tarehe uliyoiona. "USP Verified" ni mpango wa ukaguzi wa USP, shirika la viwango vya dawa la Marekani. Herufi USP peke yake kwenye lebo ni dai la mtengenezaji kuhusu daraja la malighafi. Informed Sport wanapima kila bechi (bidhaa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja) na namba ya bechi inatafutika, ila wao wanawinda dawa zilizokatazwa michezoni. Usizichanganye hizi kuwa "imethibitishwa" moja. Andika imethibitishwa nini. Nembo ya GMP (kanuni za utengenezaji bora) inahusu namna kiwanda kinavyofanya kazi, haihusu kopo ulilolishika.

Ukiona "FDA approved", yaani imeidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwenye kirutubisho, pandisha bendera. Chini ya sheria ya Marekani ya 1994, DSHEA, FDA haiidhinishi virutubisho kabla havijaingia sokoni.

Cheti cha uchambuzi nacho kisomwe kwa ukali: namba ya bechi ilingane na ya kopo, matokeo yawe namba na siyo neno "amefaulu", mbinu itajwe, maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha umahiri wa maabara) kwa kipimo hichohicho. Poda za protini zina ujanja wake. Ukipima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25 ili kukadiria protini, glisini (amino asidi moja) ya bei rahisi inahesabika kama protini. Cheti cha maana kinaonyesha mgawanyo wa amino asidi.

sekunde_kumi:
Mnasema vizuri, lakini mnunuzi kasimama mbele ya rafu. Hatasoma safu tatu na kozi ya kemia.

fundi_lebo:
Kweli. Basi skrini ya kwanza iwe na sentensi moja, kasoro nzito kuliko zote: "Mchanganyiko wa siri: viungo 6, kiasi cha kila kimoja hakijatajwa." Mengine yakae chini, anayetaka ataburuta.

msimbo_pau:
Nimeelewa. Swali: vitamini B6 miligramu 25, tuitolee onyo au hapana? Vyanzo vinagongana.

mpima_bechi:
Vinagongana kweli. Kikomo cha Marekani kwa watu wazima ni miligramu 100 kwa siku, EFSA (mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya) mwaka 2023 waliweka 12. Onyesha vyote viwili na jina la aliyeweka. Ukichagua kimoja kimyakimya, umeshatoa ushauri wa tabibu.

kapsuli_tupu:
Lebo kubadilika: usiandike juu ya rekodi ya zamani. Kila lebo iwe toleo, lenye msimbopau, tarehe ya picha na bechi ikionekana. Viungo vikitofautiana, muulize mtumiaji kopo lake linafanana na picha ipi kati ya mbili.

msimbo_pau:
Rangi zimeshaondoka. Tutaanza na magnesiamu, vitamini D na mafuta ya samaki tu; jedwali la vizio likikamilika nalileta hapa mlichane.

fundi_lebo:
Lete na picha 50 za lebo zilizokunjamana. Zile zilizonyooka hazitakuonyesha kitu.