Nimempokea Yesu, ila daftari la kangomba bado liko juu ya kabati

Wakuu, salaam. Nipo Newala, nina miaka 38, mke na watoto watatu. Nimeokoka tangu Juni. Msinicheke, nina jambo.

Misimu sita nimekula kangomba, ile biashara haramu ya kununua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa kabla hajavuna. Wanaojua wanajua: Februari, Machi, ndani kwa watu hamna kitu, mimi napita na bahasha. Mtu anachukua 50,000, Oktoba ananilipa kwa korosho, kwa kopo langu, na kopo lenyewe lilizidi kilo. Mzigo unaingia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa jina la ndugu mwenye mikorosho, nasubiri mnada.

Siku niliyoamini sikuona mwanga wala nini. Nilikuwa na kichwa cha nipa, ile pombe kali ya mabibo, jirani akanisomea Luka 19, habari za Zakayo, mtoza ushuru aliyepanda mti amwone Yesu, kisha akaahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Kilichonishika si ule mti. Ni kwamba Yesu alitaka kushinda kwake kabla huyo bwana hajarudisha hata senti. Nikalia kama mtoto.

Nipa nimeacha, na ajabu haikunipa shida. Shida ni daftari, lina majina 41. Mchungaji anataka nishuhudie Jumapili. Mke anasema atajua kama nimeokoka korosho zikianza kudondoka. Nikirudisha mara nne kama Zakayo, nauza nyumba. Nifanyeje?

Kijana_wa_Chikongola: Mkuu lichome fasta kabla halijafika kituoni 😂 Si umeshasamehewa?

BiMkubwa_Mikindani: Usimsikilize huyo. Ukilichoma utasahau wewe, wenzio hawatasahau. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza 3,300 kwa kilo, korosho zangu zilishaliwa tangu masika. Nilisikia bei redioni, nikaizima. Mpaka leo hajaja mtu mlangoni kwangu. Angekuja hata na 20,000 akasema "mama, nilikupunja", ningempikia.

Kijana_wa_Chikongola: Shikamoo mama. Nimefuta kicheko.

Mwalimu_Ndanda: Ndugu, isome tena Luka 19. Mara nne aliitaja Zakayo mwenyewe, Yesu hakumpangia. Walawi 6 inamtaka aliyedhulumu arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ni ya Kutoka 22, kwa mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Yaani Zakayo alijihukumu kama mwizi wa mifugo, akajipa adhabu nzito, tena akiwa na furaha. Mtu hafanyi hivyo akiwa ananunua msamaha. Kwa hiyo usianze na kikokotoo. Anza na wale ambao kwao 50,000 ilikuwa chakula. Na huo ushuhuda uahirishe, mwambie mchungaji kwa heshima. Usisimame madhabahuni kabla hujasimama kwenye vibaraza vyao.

Msafiri_Lindi: Mimi Muislamu, napita tu. Hata kwetu toba ya haki ya mtu haitimii mpaka umrudishie mwenyewe au akuachilie. Mzee wangu mmoja aliyekuwa na duka alizunguka hivyo, wengine walimtukana. Jiandae na matusi, usijibu. Na uende na mkeo, yeye ndiye anayekuangalia kuliko wote.

Mwenye uzi: Asanteni. Jumapili sikushuhudia, mchungaji amenuna kidogo.

Jana nimekwenda kwa jina la kwanza kwenye daftari, mama mjane, na mke wangu nyuma. Nilishindwa hata kumaliza salamu. Nikampa 60,000, nikamwambia ni za nini na kwamba bado nadaiwa. Akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga. Nikadhani ataniambia "nimekusamehe". Akaniuliza, "Na lile kopo liko wapi?"

Liko nyumbani, nikamwambia. Amesema nimpelekee kesho, na kilo ya dukani, tupime wote wawili mbele ya majirani ndipo tujue bado ngapi.

Mke wangu ameshaliosha.